Joto katika Ukuta wa Mama Waridi

20 septemba, jumamosi, siku ya posho

Papa Exaucée, unisamehe. Uliniachia hii kaye ya kuandikia juu ya meza ukasema, "Généreuse, kila jioni mistari mbili: mashini imeamka aje, imelala aje." Umepita Bunagana, umefika Kampala, umeshapata kitanda kwa binamu yako, na kaye ingali nyeupe. Haikuwa kisirani. Jioni yangu haifanani na ile uliyokuwa unafikiria. Jioni yangu ni Aksanti kwa mugongo, Exaucée na dictée yake ya masomo, sombe kwa moto, na mashini yako inaunguruma chumbani kama mutu anayesali bila kuvuta pumzi. Nikikaa, nalala. Leo nimekaa na sijalala, basi naanza.

Lakini nitakuandikia yote, si ya mashini tu. Kwenye simu tunaongea mashini mpaka mégas zinaisha, hata sipati kukuambia mutoto ametoa meno. Ametoa. Mawili, ya chini.

Mashini: iko nzima. Kadi zote sita zinafanya kazi.

21 septemba

Missa. Hakuna kitu.

25 septemba

Mvua imeanza kweli. Maji yanapita kati ya mawe meusi ya avenue na kuingia kwa Papa Bashige, jirani, si kwetu.

Ulitaka kujua kama sijasogeza kitu. Sijasogeza. Mashini iko katika chumba kidogo, juu ya ile fremu ya mbao uliyoipigilia misumari mwenyewe, wakati nilikuwa na mimba ya Aksanti na nilikuwa nakushikia tochi. Kadi zimejipanga kama masufuria kwenye étagère. Dirisha nimeliziba na sashe ya plastiki maana mvua inapiga upande ule, kwa hiyo ventilateurs zote bado zinapuliza kwa ukuta wa ndani, ule wa mbao. Nyuma yake ni chumba cha Mama Waridi, mwenye nyumba. Simu yangu inakaa karibu na mashini kuipatia internet, siwezi kutoka nayo hata kwenda kununua makala ya kupikia. Watu wananipigia, mashini ndiyo inasikia.

Mulango una kufuli, ufunguo uko shingoni kwangu. Exaucée nimemufundisha tena: mutu akiuliza, hapa hakuna kitu. Nakumbuka maneno yako. Nyumba ni ya mbao, na mwenye nyumba amekimbia moto wa mulima, ile volcan ya Goma, mara mbili. Akijua kuna kitu kinawaka usiku na muchana nyuma ya kitanda chake, atatutoa siku ile ile. Na wezi wakijua, hawatapiga hodi. Kwa mvua hii, na kifua cha Aksanti, sijui ningeenda wapi. Basi nafunga mudomo. Lakini sipendi. Nakuambia mara moja tu: sipendi.

29 septemba

Nepi za Aksanti hazikauki, kila kitu kinanuka maji. Leo nimetundika chache mbele ya ventilateurs. Kabla sombe haijaiva zilikuwa kavu, tena na joto kama mukate. Usikasirike. Hazigusi kadi.

30 septemba

Nimetundika tena. Na soksi za Exaucée.

3 oktoba

Mama Waridi. Unajua vile anatembea, mugongo wima, kitambaa cheupe kichwani, funguo kiunoni. Mutu anafikiri anakuja kuhesabu misumari ya nyumba yake. Nimemukuta kwenye barza yake ameweka kiganja kwa ukuta, kama mutu anayepima homa ya mutoto.

"Mama Exaucée, unalala muzuri?"

"Nalala, Mama."

"Miguu ya batoto, asubui, inakuwa baridi ama inakuwa na moto?"

"Ya kawaida, Mama."

"Na sakafu? Ukitembea bila viatu?"

"Ya kawaida."

"Wewe ni kijana," akasema. "Kijana analala kama jiwe."

Nimerudi ndani. Amejua, ama yuko karibu kujua. Nimepunguza nguvu ya kadi vile ulinionyesha. Haikusaidia sana. Mbao bado zina joto ukizigusa.

4 oktoba

Ameuliza tena. Miguu.

6 oktoba

Ameuliza tena. Leo aliongeza kama watoto wanalala na nguo nzito, na viatu viko wapi. Swali gani hilo? Nilijibu viko chini ya kitanda. Akasema, "Viweke karibu na mulango." Mwanamuke huyu anatutayarishia safari, Papa Exaucée. Anataka tukitoka tutoke haraka.

9 oktoba

Exaucée amerudi kutoka masomo na mafuta ya andazi la beignet kwa mashavu.

"Nani alikupa?"

"Mama Waridi. Aliniita."

"Akakuuliza nini?"

"Aliniuliza kelele ya ndani kwetu ni ya nini. Nikasema hakuna kitu."

"Muzuri."

"Akasema, lakini mimi ninaisikia. Basi nikasema ni kitu inachimba."

"Exaucée."

"Papa ndiye anasemaka vile, Mama. Inachimba, inachimba polepole. Sikusema mashini. Ulinikataza mashini."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Ni neno lenu, ninyi watu wa mashini. Hakuna koleo, hakuna jiwe, hakuna creuseur wa mgodi hata mumoja mwenye matope, lakini munasema kuchimba, na mutoto amelibeba vile vile. Nilimuambia hata hilo neno ni la ndani ya nyumba. Akaniuliza, "Sasa mimi nitabaki na neno gani?" Nilimupangusa mudomo.

10 oktoba

Mama Waridi hakuniuliza kitu leo. Alinisalimia, akaangalia Aksanti kwa muda murefu, akaondoka. Afadhali maswali.

14 oktoba

Rachid, mutoto wa kaka ya Mama Waridi, yule dereva wa Kiwanja na Bunagana, amekuja na kamioneti. Wamebeba kabati kubwa, cherehani na picha zote za marehemu bwana yake. Nilimufuata Rachid barabarani na Aksanti kwa mugongo.

"Rachid, munahama?"

"Mimi ni mikono tu, Mama Exaucée. Shangazi anasema beba, nabeba."

"Kabati inaenda wapi?"

"Kwangu Bunagana. Anasema hapa mvua itaiharibu."

"Mvua inanyesha ndani ya nyumba yake?"

Akacheka. "Muulize mwenyewe. Mimi nilipouliza, aliniambia nikiongeza swali nitabeba na kitanda, yeye akiwa juu."

Nimefikiri muchana wote. Anauza nyumba. Mutu anaanza na kabati, anamaliza na wapangaji. Na hakuniambia, mimi niliyemupikia uji mwezi wa Ramazani alipokuwa na malaria. Nilimuona mutu wa haki. Sasa namuona mutu wa kimya, na kimya cha mwenye nyumba ni kitu kibaya.

15 oktoba

Mvua.

16 oktoba

Mvua. Hakuna pakavu pa kuweka kiwiko.

19 oktoba

Aksanti amekohoa tangu asubui. Mama Waridi amepiga hodi na tangawizi na asali ndani ya chupa ndogo. Nilifungua mulango nusu, nikaujaza na mwili wangu. Aliona kwamba namufungia.

"Mupe kidogo kidogo. Na kifua ukifunike," akasema. Halafu, "Simu ya Rachid unayo?"

"Ninayo."

"Iweke mbele, usiitafute siku ya kuitafuta."

Nikamushukuru kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Nikafunga. Polepole, lakini nilifunga.

Dawa yake imefanya kazi. Mutoto amelala na mudomo wazi.

22 oktoba

Tumeongea kwenye simu, umeshasahau pengine, mimi sijasahau. Nilikuambia: acha nimuonyeshe mashini, aseme ndiyo ama hapana, nijue. Ukasema, "Vumilia, Généreuse, msimu huu tu." Ukasema mwanamuke muzee kama yule hawezi kuelewa. Sikukujibu. Nakujibu hapa. Mutu aliyelea watoto sita peke yake na kuuza chumvi kutoka Kasongo mpaka hapa anaweza kuelewa kitu kinachounguruma. Wewe ndiye unaogopa kueleza.

Najua unaiwekea matumaini. Najua unalala sakafuni kwa binamu, hata kama ulisema kitanda. Sauti yako ilitoka chini.

27 oktoba

Kadi ya tatu ilinyamaza. Nilizima yote, nikaichomoa vile ulinionyesha, nikaipangusa na burashi ya rangi. Vumbi jeusi la barabara, na nyuzi za nepi. Ndiyo, za nepi. Nimeirudisha, nikawasha, ikaamka. Nilifurahi mpaka nikamuinua Aksanti kumuonyesha taa ya kijani, naye akaipigia makofi.

Kitu kimoja kimenishangaza. Wakati mashini ilikuwa imezimwa, nilisikia Mama Waridi nyuma ya ukuta akisema Alhamdulillahi kwa sauti, mara nyingi, kama mutu aliyepokea habari. Nilipowasha, akanyamaza katikati ya neno.

Sikuelewa. Nakuandikia tu.

30 oktoba

Missa ya jioni, nimesali kwa ajili ya nyumba. Nepi kavu.

3 novemba

Kaa chini kabla ya kusoma hii.

Asubui ardhi imetikisika. Kidogo, ile ya Goma ya kawaida, masufuria yaligongana, mbwa akabweka, basi. Nilikuwa namuvalisha Exaucée kwa masomo. Kabla sijafunga vifungo, mulango umepigwa na kiganja.

Mama Waridi, viatu vya kufunga miguuni, mufuko mumoja mukononi. Na kwa mugongo amefunga kitenge, vile tunavyofunga kubeba mutoto, lakini ndani hamna mutoto. Nyuma yake kwenye avenue, Gisèle, muke wa Papa Bashige, na godoro kichwani, na Papa Bashige mwenyewe amekumbatia televizyo kama bibi harusi. Wengine wanafunga mizigo; alikuwa ameanza kugonga kwao.

"Mama Exaucée, wakati umefika. Nipe Aksanti."

"Wakati wa nini, Mama?"

"Usiulize sasa. Rachid yuko njiani na kamioneti. Kituku, ziwani, kuna boti, nimeshaongea na mwenye boti tangu juma lililopita. Inaenda Bukavu, utafika kwenu. Wewe shika mukubwa. Mudogo ni wa mugongo wangu."

Nilibaki nimesimama na kiatu kimoja cha Exaucée.

"Mama, munatutoa?"

Akanitazama kama nimeongea Kichina. "Nakutoa wapi? Natoka na wewe. Mulima, binti yangu. Safari hii moto wake hautoki juu. Uko chini yetu."

Akanieleza hapo mulangoni, haraka haraka. Kwamba tangu mvua ianze, kila akisujudu, paji la uso linasikia sakafu inatetemeka. Kwanza alifikiri ni damu ya uzee. Akabadilisha mahali pa musala, bado. Akaweka mukono kwa ukuta: moto. Ukuta wa mbao, katika mvua, moto. Alivyokimbia mara ya pili, sakafu ya dada yake ilianza vile, joto bila moto, na hakuna mutu aliyemusikiliza. Halafu mutoto wangu mwenyewe akamuambia: kuna kitu inachimba.

"Mutoto anasikia kuliko sisi," akasema. "Nikajua inapanda."

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Nikuambie nini? Bwana yako yuko Kampala, mutoto anakohoa, unatembea na macho mekundu. Ningekuambia, ungekufa na woga kila siku. Nikasema huu woga niuchunge mimi. Kwako niliuliza miguu tu."

Na kabati? Alituma kabati mbele ili siku ya kukimbia kamioneti ibaki na nafasi ya wanangu.

Papa Exaucée, nilikuwa na ufunguo shingoni. Nilisikia chuma chake juu ya ngozi. Ningeweza kusema, tangulieni, nakuja. Waende, wagundue wenyewe hakuna mulima, na siri yako ingebaki salama kwenye chumba chake. Hilo wazo lilipita, sikufichi. Lilipita wakati Gisèle alikuwa anateleza kwenye mawe na godoro lake linanywa maji. Halafu niliangalia kile kitenge kitupu kwa mugongo wa yule mama, kimefungwa vizuri, fundo juu ya kifua, kinamungoja mutoto wangu.

"Mama, muweke mufuko chini," nikasema. "Muingie."

Nilifungua kufuli. Joto lilitoka na harufu ya nepi. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa, ventilateurs zinapiga, kamba ya nepi inacheza juu yake kama bendera za sikukuu. Mama Waridi alisimama kizingitini na mukono juu ya mudomo.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo yenyewe. Ile inayochimba."

"Inachimba nini?"

"Pesa ya internet, Mama. Haichimbi chini. Inafanya hesabu tu, siku nzima, na ikifanya hesabu inapata joto."

"Ni bitcoin, Mama Waridi," akasema Papa Bashige kutoka nje, shingo juu ya televizyo. "Ama ndugu ya bitcoin."

"Bashige, wewe tua kwanza televizyo," akamujibu bila kugeuka. Halafu kwangu, "Zima."

Nikazima. Sauti ikashuka, ikashuka, ikaisha. Yule mama akavua viatu, akapiga magoti pale pale kwenye saruji ya chumba chako, akaweka paji la uso chini. Alikaa kitambo.

"Washa."

Nikawasha. Akaweka tena paji la uso.

"Zima."

Nikazima. Mara hii hakuinuka. Mabega yake yalianza kutikisika, nikafikiri analia, nikapiga magoti karibu naye. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamutoka kichwani, na nywele zake ni nyeupe zote, sikuwahi kuziona. Nikacheka na mimi, kwa woga. Ndipo akaacha.

"Nimelala na viatu, Généreuse," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Majuma yote haya. Navua kwa ajili ya sala, navaa tena, nalala. Na wewe ulikuwa unanijibu: ya kawaida, Mama."

Nikasema unisamehe. Sikukutaja wewe. Alijifunga kitambaa, akachukua viatu vyake mukononi, akapita katikati ya watu. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa.

Gisèle alirudisha godoro lake, maji yanatiririka. "Mama Volcan," akaniambia, "hili godoro litakauka kwako, utake usitake."

4 novemba

Nimeacha mashini imezimwa. Ukiona kwenye simu yako hakuna kinachoingia, ni mimi. Usipige kuuliza.

Watoto wa avenue wananiita Mama Volcan. Exaucée anajivuna, anafikiri ni cheo.

5 novemba

Imezimwa. Nyumba imekuwa baridi. Nepi zimelowa. Mama Waridi hajatoka. Nimempelekea uji, sahani imerudi tupu na imeoshwa, bila neno. Nimeweka vitu vyetu vya lazima karibu na mulango, maana sasa ana haki ya kututoa, na sitabishana.

6 novemba

Amekuja baada ya sala ya adhuhuri. Akakaa kwenye kiti chako. Nikasimama. Akasema, "Kaa, siko mahakamani."

Nikakaa.

"Nimesikiliza sakafu yangu siku hizi. Imenyamaza muzuri. Lakini magoti yangu yameanza kulia tena. Tangu septemba yalikuwa yameacha, nilifikiri ni ile dawa ya Rachid. Kumbe ni ukuta wako." Akajishika magoti, akaniangalia kwa hasira, hasira ya mutu anayetaka kucheka. "Utanisikiliza?"

"Nasikiliza, Mama."

"Fremu isiguse saruji. Ukate tairi ya zamani, uweke chini ya miguu yake. Isogee kutoka kwa mbao, lakini usiigeuze. Inipulizie vile ilivyokuwa. Ndoo ya mchanga mulangoni. Bashige aangalie nyaya, alifanyaka kazi ya courant kabla ya kuwa mutu wa televizyo. Na ikifika saa ya sala, unazima. Kila sala. Nikisujudu nataka kusikia Mungu, si hesabu za bwana yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na kufuli?"

"Wezi, Mama."

"Wezi ni wa nje. Ufunguo mumoja ukae kwangu."

Nikamupa.

Akasimama. "Wewe sikukasirikii sana. Wewe mudomo wako ulikuwa wa kukodisha. Mwenye mudomo yuko Kampala. Yeye aniandikie."

Aliondoka na Aksanti. Alimurudisha jioni, ameshiba, harufu ya udi.

7 novemba

Tairi imekatwa, Papa Bashige amebadilisha waya uliokuwa umeanza kuwa mweusi nyuma ya ukuta. Waya wako ule, nyuma ya mbao. Nilimushukuru mara nyingi kuliko alivyotegemea. Sitasema zaidi juu ya waya.

Nimewasha.

12 novemba

Sasa uelewe vile tunaishi. Alfajiri Mama Waridi anagonga mbao mara moja, nazima; akimaliza anagonga tena, nawasha. Vile vile muchana kutwa. Mashini yako inapumzika saa za sala, na kadi ya tatu haijanyamaza tena. Utasema tunapoteza. Tunapoteza. Usinibishie juu ya hilo, nimeshaamua.

Kwa mulango wangu kuna nepi za Gisèle, uniforme za wanafunzi, godoro lile limekauka. Wanawake wanaleta nguo, wananiachia makala kidogo, nyanya, maharage. Wanakaa. Wanasema maneno. Nilikuwa nimesahau watu wanasema maneno. Mama Waridi anasimama mbele ya mashini na mikono nyuma, anaiambia, "Chimba, mama, chimba, kitambaa changu bado kibichi."

Nilimufikiria mubaya mutu aliyekuwa amelala na viatu kwa ajili ya mutoto wangu. Hilo linabaki na mimi. Sitaki lifutwe haraka.

16 novemba, siku ya Mungu

Rachid anaondoka kesho kwenda Bunagana, binamu yake anaendelea mpaka Kampala. Nakata hizi karatasi na kukutumia. Kaye nabaki nayo, ina kurasa nyingi bado.

Aksanti anasimama akishika kiti. Exaucée amepata bulletin nzuri masomoni, ila calcul, zile hesabu. Kitanda chako nakilalia upande wangu tu. Nisikie vizuri: sasa watu wote wa avenue wanajua, na hakuna mwizi aliyekuja, kwa sababu mulangoni kuna wanawake tangu asubui mpaka jioni. Hiyo ndiyo kufuli.

Tuma hivi, na usiongeze kitu cha kupendeza macho:

Minuterie moja, ya kuzima na kuwasha yenyewe kwa saa, iwe ya kupangwa mara tano kwa siku, maana nachoka kukimbia mutoto akinyonya.

Ventilateurs mbili kubwa, za kuzunguka polepole, zisizolia.

Bomba la bati jepesi, lile linalokunjika, la kupeleka joto mpaka kwenye barza; lifike kamba ya pili.

Pâte ya kadi, ile ya kupaka zisichemke, mukebe mudogo.

Disjoncteur mupya mumoja, wa kukata umeme ukizidi. Mupya, nasema, si wa mutumba. Na waya wa kutosha chumba kizima. Papa Bashige ataandika unene nyuma ya karatasi hii.

Sweta ya Aksanti, ya mutoto wa mwaka na nusu, akue nayo.

Ndara laini za ndani za mwanamuke muzima, namba 39, za kuvuliwa bila kuinama.

Na barua yako kwa Mama Waridi. Kwa mukono wako, kwa karatasi, ukurasa mumoja ujae. Usiichanganye na vitu vingine kwenye mufuko. Binamu ya Rachid aishike mukononi mpaka hapa.